Rangi Yoyote

Nyumba ya Brashi, fundi rangi, ilipakwa kwa mabaki ya rangi. Jikoni kulikuwa na kijani cha zahanati, sebuleni krimu ya benki, na koridoni ile waridi iliyobaki shule ya chekechea ilipofunguliwa. Kila kazi aliyomaliza fundi huyo alirudi na robo kopo au nusu kopo, akaipaka mpaka ilipoishia, akaacha hapo hapo. Majirani walizoea. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza alitazama kuta, akamtazama mwenye nyumba, kisha akasema ni nyumba iliyochangamka.

Milango ya ndani ndiyo haikupata hata hayo mabaki. Ilikuwa minne: wa chumba cha wenyewe, wa mapacha, wa bibi yao, na wa bafu. Brashi aliitundika kwa mikono yake, akaipiga msasa, akaipaka ile rangi ya kijivu ya chini inayotangulia rangi yenyewe, basi. Wakati huo mapacha walikuwa hawajaota meno. Sasa walivaa sare za shule na kufanyia hesabu zao kwenye ule ukijivu kwa chaki, maana mlango usio na rangi ni ubao wa bure.

"Kinyozi hajinyoi," watu walimwambia Mama Mapacha, mkewe Brashi, kumliwaza. Alicheka nao, kwa sababu alikuwa mwanamke anayejua kucheka na watu. Moyoni lilimkera. Alikuwa fundi wa mapazia, aliingia majumba ya watu na futi yake shingoni, na kila alikoingia alitazama milango kabla ya madirisha. Ya watu ilikuwa myeupe, ya kahawia, ya samawati. Akirudi kwake alikuta ukijivu unamsubiri kama sufuria isiyooshwa.

* * *

Aliyeleta moto ndani ya nyumba ni wifi yake, mdogo wa Brashi, aliyekuwa akiuza dirishani kwenye duka la dawa la mwanamke mmoja aliyeitwa na wote Mfamasia. Mfamasia alikuwa anamalizia nyumba yake, na wifi ndiye aliyempelekea kaka yake kazi ya rangi. Kwa hiyo alijiona ana haki ya kujua kila kitu.

"Mimi simo," alianza, na mtu akianza hivyo ujue yumo mpaka shingoni. "Lakini kaka ana subira na yule bosi wangu, we acha tu."

"Subira gani?"

"Mlango mmoja, wifi. Mmoja! Anapaka kipande kidogo, wanangoja kikauke. Wanakitazama asubuhi. Jua likigeuka wanakitazama tena. 'Hii je, dada, imekaa? Au tuipoze kidogo?' Wameweka vigoda viwili, wamekaa wawili wao, wanautazama mlango kama wako sinema."

Mama Mapacha alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Uzi ukagoma kuingia.

"Ndiyo kazi yake," akasema.

"Nani amekataa? Mimi nashangaa tu, tangu nizaliwe sijawahi kumsikia kaka akimwuliza mtu kitu mara mbili."

"Mlango gani huo?"

Wifi alitazama chini, akatazama dari, akarudi chini. "Wa chumbani," akasema kwa sauti ndogo, na sauti hiyo ndogo aliifurahia.

Mlango wa mbele huonwa na kila mpita njia, hata anayedai kodi. Mlango wa chumbani ni wa mtu aliyekaribishwa. Hata hivyo, Mama Mapacha hakudhani kwamba mumewe ana jambo na yule mwanamke. Alimjua. Brashi alirudi saa zile zile, akinuka tapentaini ile ile, na akishakula alisinzia kabla sahani haijapoa. Mwanamume wa namna hiyo hana nguvu za kuiba mke wa mtu. Kama lingekuwa hilo, angejua pa kuanzia: angelia, angepiga kelele, angeita wazee wamhukumu. Kilichomchoma ni vile vigoda viwili. Alimwonea wivu Mfamasia kwa kigoda, kwa kuulizwa, kwa ile "imekaa?" Aibu ilimzidi, kwani hata kwa shoga yake wa karibu asingeweza kulitamka jambo kama hilo. Angeanzaje? Kwamba mume wangu anamwuliza mteja rangi?

* * *

Jioni hiyo Brashi alirudi na kopo amelikumbatia kwa mikono miwili.

"Hili siliachi kule usiku," alisema. "Nyumba haijatiwa makomeo, na mafundi wa vigae nawajua mikono yao." Akaliweka juu ya meza, akalifungua kwa ncha ya bisibisi, akachovya kijiti na kukiinua kwenye taa. "Hebu tazama."

Mama Mapacha alitazama. Alitaka iwe mbaya. Ilikuwa kijani kilichotulia, kama jani ukiligeuza upande wa chini, na aliipenda papo hapo, kwa hasira.

"Inaitwaje?"

"Haina jina. Haiuzwi popote. Nimeichanganya mwenyewe, nyeusi nikitia kwa ncha ya kijiti, tone kwa tone. Hata ukiniambia nirudie haitoki hii hii." Alikuwa akitabasamu mwenyewe. "Ni yake peke yake."

"Yake peke yake," mkewe akarudia.

Mume mwenye masikio angesikia kitu hapo. Brashi alifunga kopo. "Wa chumbani kwake nimeshaupaka, imebaki mitatu. Akiridhika, kaka yake anafungua nyumba ya wageni, ghorofa mbili, milango mpaka uchoke. Amesema atanitaja. Kazi ya mwaka mzima, Mama Mapacha. Tutapumua."

"Na yetu?"

"Yetu ipi?"

"Milango yetu, Baba Mapacha."

"Aa," alisema Brashi, akichukua taulo. "Wewe si bado hujaniambia rangi."

Akaenda kuoga. Mama Mapacha alibaki na lile kopo mezani, wakitazamana. Bado hujaniambia! Alikuwa ameuliza habari ya milango ile mpaka ulimi umeota sugu, na leo ati ni yeye ndiye hajasema. Alifuta meza kuzunguka kopo, akifuta mahali pasipokuwa na uchafu.

* * *

Kesho yake Brashi alikuwa na dari la kumalizia kwa mtu mwingine, kwa hiyo kopo lilibaki nyumbani pembeni ya kabati. Mapacha walikwenda shule. Mama mkwe, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa chumbani kwake akisikiliza redio.

Mama Mapacha alikata vitambaa. Akavishona. Akakosea mshono, akaufumua. Kila alipoinua kichwa aliliona kopo. Alijiambia atafungua tu atazame, na ukweli ni kwamba alitazama. Akajiambia atapaka kidogo tu, pale nyuma ya kitasa pasipoonekana. Akapata brashi kuukuu, akapaka nyuma ya kitasa. Ilipendeza. Wivu una tabia ya kusema "kidogo tu" mpaka kopo linapungua nusu. Kufika mchana, mlango wa chumba chake ulikuwa umepakwa wote, juu mpaka chini, na jasho lilikuwa linamtiririka, na alikuwa na furaha aliyokuwa hajaionja siku nyingi.

Furaha yenyewe haikumaliza hata saa moja. Rangi ilipoanza kukauka, ilianza kumkimbia. Juu ilipauka kama kitambaa kilichosahaulika juani, katikati ikawa na michirizi, na ukijivu wa chini ukachungulia kila mahali.

Bibi alitoka chumbani, akasimama koridoni, akautazama mlango kwa muda mrefu.

"Umekoroga?" akauliza.

"Kukoroga nini, mama?"

"Rangi, mwanangu. Rangi ni kama chai. Sukari iko chini."

Mama Mapacha alikimbilia kopo, akatumbukiza kijiti mpaka chini. Kilizama kwenye uzito, na alipokoroga kijani kizito kilipanda, kikavimba, kikameza kile chepesi kilichobaki. Alikuwa amechukua maji ya juu, akabakiza moyo wa rangi. Alikoroga na kukoroga, lakini rangi iliyobaki ilikuwa nzito, ya giza, rangi nyingine kabisa. Alikuwa ameishi na fundi rangi miaka yote hiyo, amefua ovaroli zake, amesugua kucha zake, na hakujua kwamba rangi hukorogwa.

"Mama, nifanye nini?"

"Mimi nitakuambia nini? Mimi ni mama yake," Bibi alisema. Kisha akamwonea huruma, akavuta kiti, akakaa naye.

* * *

Jioni Brashi aliingia. Aliugusa mlango kwa kidole. Akaenda kwenye kopo, akachovya kijiti, akakiweka karibu na dirisha, akakitazama mpaka tone likaanguka sakafuni. Brashi, mtu wa kulinda sakafu yake siku zote, hakulifuta lile tone.

"Nani?"

"Mimi."

"Mapacha hawakugusa?"

"Nimekuambia ni mimi. Usiwasingizie watoto."

"Kwa nini, Mama Mapacha?"

Alikuwa ameandaa majibu mengi, yote makali. Likatoka lile dogo kuliko yote. "Nilitaka na mimi."

"Ungeniomba."

"Nikuombe mara ngapi?"

Brashi alikaa chini, mgongo ukutani, kwenye ile waridi ya chekechea. "Hii si ya kwangu," alisema taratibu. "Ningekupa chochote, lakini hii si ya kwangu. Mitatu imebaki, na wa kwanza umeshakauka kule. Siwezi kuirudia hii rangi. Sasa mimi nitamwambia nini yule?"

"Mwambie imemwagika."

"Simdanganyi mteja. Na siwezi kukusemea. Vaa twende."

* * *

Mfamasia aliwapokea akiwa bado na koti lake jeupe la kazini. Wifi alikuwepo pia, kaleta funguo za duka, na alipomwona kaka yake kaongozana na mkewe aliamua kwamba funguo zile zinahitaji kuhesabiwa upya pale pale mlangoni.

"Ndiye shemeji huyu?" Mfamasia alisema kwa uchangamfu. "Karibu, dada, karibu sana. Njoo uone mumeo alichonifanyia." Akamshika mkono, akampeleka mpaka chumbani.

Mlango ulikuwa mzuri kuliko kijiti kilivyoahidi. Mbele yake, vigoda viwili vilikuwa bado vipo.

"Fundi wako ana subira ya ajabu," Mfamasia aliendelea. "Mimi hata sikujua nataka nini. Alipouliza nilimwambia, fundi, rangi yoyote tu, paka uende zako. Akagoma! Akaniuliza jua linaingia upande gani. Nikamwambia sijui. Akauliza tena. Akaniambia, fumba macho, nyumba uliyokulia ilikuwa na mlango wa rangi gani? Basi, hapo nikamkumbuka nyanya yangu na ule mlango wake, nikalia, wallahi. Nikalia mbele ya fundi!" Akacheka.

Mama Mapacha hakucheka. Neno moja lilikuwa limemwingia kama mwiba, na alikuwa bado anatafuta limeingilia wapi. Yoyote. Alisema rangi yoyote.

"Dada," Brashi alisema akiwa nyuma yao, kofia mkononi. "Kuna jambo."

Akaeleza. Hakumtupia mkewe lawama na hakumficha. Alisema kopo lililala kwake, limetumika, iliyobaki haifanani. Mama Mapacha akamalizia mwenyewe: "Ni mimi niliyepaka. Mlango wangu wa chumbani. Naomba unisamehe."

Mlangoni, funguo zilikoma kulia.

"Kwa hiyo," Mfamasia alisema polepole, "chumbani kwako sasa kuna mlango kama huu wangu."

"Haukutoka kama huu."

"Lakini ndiyo hii."

"Ndiyo hii."

Ule uchangamfu ulizimika. Mfamasia aliutazama mlango wake, na ilikuwa wazi kwamba umeshaanza kumchukiza. "Basi mimi siitaki tena," alisema. "Fundi, uifute. Paka nyeupe, ya dukani, yote minne."

"Dada, huu umetoka vizuri mno. Nitajaribu kuchanganya nyingine ya kufanana—"

"Nilitaka kitu kimoja maishani mwangu ambacho hakipo kwa mtu. Kitu kimoja. Nyeupe utanunua wewe. Na kwa kaka yangu..." Alisita, kisha akasema, "Kwa kaka yangu nitamwambia atafute fundi ambaye mali ya mteja hailali kwake."

Mama Mapacha alitamani ardhi ipasuke. Na bado, katika fedheha ile, alimwelewa yule mwanamke kuliko alivyowahi kumwelewa mtu. Angekuwa yeye angesema maneno yale yale. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa kuwa alishindwa hata kumchukia.

* * *

Walipofika nyumbani, Brashi alivua viatu, akakaa kitandani akiutazama mlango wenye michirizi.

"Ghorofa mbili," alisema. "Zimekwenda na maji."

"Najua."

"Kwa ajili ya wivu wa mlango."

"Ndiyo," Mama Mapacha alisema. "Nilikuwa na wivu, na sasa hivi ninao zaidi ya asubuhi. Uliwahi kuniuliza mimi jua linaingia upande gani?"

"Nilikuuliza rangi! Tulipohamia hapa nilisimama pale pale uliposimama nikakuuliza, tupake rangi gani milango? Ukaniambia, yoyote, mume wangu, utakayoona inafaa. Kweli si kweli?"

"Kweli." Alikumbuka. Alikuwa bibi harusi wa juzi juzi, na kwao mwanamke aliyechagua sana aliitwa mlafi. Alijibu alivyofunzwa kujibu, kisha akangoja aulizwe mara ya pili, kama mgeni anayekataa chakula mara ya kwanza kwa adabu.

"Basi," Brashi alisema, akiamini ameshinda kesi. "Mimi nina kanuni. Mtu akiniambia yoyote, simpaki. Ukimpaka atakuja kukataa. Namngoja mpaka aseme. Wewe nimekungoja."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Yeye naye alisema yoyote. Nimemsikia kwa masikio yangu, na wewe ulikuwepo. Alisema yoyote, ukavuta kigoda. Akasema sijui, ukauliza tena. Mimi 'yoyote' yangu moja tu ilikutosha miaka yote hii."

Brashi alitazama mikono yake kana kwamba jibu limegandia kwenye kucha pamoja na rangi.

"Jibu, mwanangu," sauti ya Bibi ilisema kutoka upande wa pili wa ukuta. "Na mimi nangoja."

Brashi aliinuka. Alitoka nje akakaa barazani, na chakula chake kilipoa.

* * *

Alipaka nyeupe kwa Mfamasia, kwa gharama yake, mlango mmoja baada ya mwingine, na kile kijani cha jani la upande wa chini akakifunika kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba ya wageni ilipewa fundi mwingine. Mama Mapacha alichukua kazi za mapazia zaidi, akashona mpaka vidole vikafa ganzi, na nyumbani walisemezana ya lazima tu: chumvi, ada, nani amefunga bomba.

Siku aliyomaliza, Brashi alirudi mapema. Alikuwa hana kopo mikononi. Alipiga msasa ule mlango wenye michirizi mpaka ukarudi kijivu, akafagia vumbi, akaenda jikoni akatoka na vigoda viwili. Akavipanga koridoni. Akakaa kimoja.

Mama Mapacha alimtazama kutoka kwenye cherehani.

"Nina kazi ya mtu," akasema.

"Nitangoja."

Aliendelea kushona, lakini mguu wake haukukanyaga vizuri. Mwishowe akainuka, akaja, akakaa kwenye kigoda cha pili kwa upande, kama mtu asiyekusudia kukaa sana.

"Chumba hiki," Brashi akaanza, na sauti yake ilikuwa ngumu, haikuzoea kutumika mle ndani, "jua linaingia upande gani?"

"Unalala humu. Hujui?"

"Mteja ni wewe. Nijibu."

"Linaingia asubuhi. Linakupiga usoni unavuta shuka."

"Unapenda rangi gani?"

"Sijui," Mama Mapacha alisema, akamkodolea macho aone kama atanyanyuka.

Brashi hakunyanyuka. "Nyumba uliyokulia," akauliza, "mlango wa chumbani ulikuwa wa rangi gani?"

Alitaka kucheka. Hilo ni la Mfamasia, alitaka kumwambia, hilo umeshalitumia kwa mwingine, nitafutie jipya. Lakini Brashi alikuwa amemwinamia kwa kweli, na hakujua jibu. Miaka yote, na mtu huyu hakujua jibu.

"Kwetu hapakuwa na milango ya ndani," akasema. "Palikuwa na pazia."

Brashi alilitazama cherehani lake na lile rundo la vitambaa vya watu, kisha akamtazama yeye.

"Pazia la rangi gani?"

Redio ya Bibi ilizimwa.

"Jekundu," Mama Mapacha alisema. "Si jekundu lile la kung'aa. Lilikuwa limefuliwa sana."

Brashi akachukua kijiti.

"Limefuliwa kiasi gani?" akauliza.